Grafu ya misimu ya hisa za umeme: nianzie kwenye gawio

Mtu akinitumia ile grafu ya miezi 12 inayoonyesha kwamba hisa ya kampuni fulani ya umeme hupanda mwezi huu na kushuka mwezi ule, swali langu la kwanza huwa moja: bei hizi zimerekebishwa kwa gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa), au ni ghafi, yaani kama zilivyouzwa sokoni?

Wengi huona nawasumbua tu. Lakini kampuni za umeme, gesi na maji husifika kwa gawio, na nyingi za Marekani hulitoa mara nne kwa mwaka, karibu tarehe zilezile. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei hushuka kwa takriban kiasi cha gawio lenyewe. Hisa ya dola 40 yenye gawio la senti 50 itafunguka karibu na 39.50, mengine yote yakibaki yalivyo. Panga bei ghafi za miaka mingi, utapata mabonde manne yanayojirudia, udhani ni msimu, kumbe ni ratiba ya malipo. Hela yenyewe mwenye hisa amelipwa.

Halafu kuna hoja ya hali ya hewa: joto likizidi watu huwasha viyoyozi, faida hupanda, na hisa nayo hupanda. Ni kweli mapato ya robo mwaka hupanda na kushuka hivyo. Ila kiangazi huja kila mwaka na soko zima linakijua. Kinachoweza kusogeza bei ni joto ambalo halikutarajiwa, na hata hilo lina mahali limewekewa breki. California ilianza mapema miaka ya 1980 kutenganisha mapato ya kampuni za umeme na kiasi cha umeme wanachouza. Wakiuza kupita makadirio, ziada hurudishwa kwa wateja kupitia bei ya umeme.

Kinachonikera hasa ni wastani wa miaka mingi ambao grafu hiyo huonyesha kwa kila mwezi. Septemba 2023 hisa za sekta hii Marekani ziliporomoka kwa sababu riba ya hati fungani za serikali za miaka 10 ilikuwa ikipanda kuelekea asilimia 5. Mtafuta kipato cha uhakika alikuwa na pengine pa kwenda, yaani hati fungani hizo. Hapo hakuna msimu wowote. Lakini chukua miaka 10, 9 ikiwa ya kupanda asilimia 1 na mmoja wa kushuka asilimia 15: wastani ni hasi 0.6, na grafu itakuonya uukimbie mwezi ambao karibu kila mwaka ulilipa.

Kwa hiyo huwa naomba jedwali la mwaka mmoja mmoja, gawio likiwemo, na riba ya miaka 10 pembeni. Mwenendo ukibaki hata baada ya hapo, ndipo natoa ada ya dalali na kodi nione kilichosalia.