Kitanzi cha ESQL kilichokuwa kinakwamisha mtiririko wangu wa ujumbe

Mtiririko wangu kwenye IBM Integration Bus, programu ya kupitisha ujumbe kati ya mifumo, ulipitisha jumbe ndogo bila shida. Ulipoingia ujumbe wenye oda 20,000, nodi ya Compute, hatua inayochakata ujumbe kwa msimbo, ikakwama. Nikashuku foleni, kisha hifadhidata, na siku mbili zikaniishia huko.

Tatizo lilikuwa kwenye ESQL, lugha ya msimbo wa nodi hiyo, niliyoiandika mwenyewe:

WHILE i <= CARDINALITY(InputRoot.XMLNSC.Orodha.Oda[]) DO

Kumbe CARDINALITY huhesabu upya oda zote kila mzunguko, na Oda[i] hutafutwa kwa kuanzia ya kwanza hadi kufika ya i. Oda zikiongezeka maradufu, kazi huongezeka karibu mara nne!

Nikaacha namba, nikatumia rejeleo:

DECLARE r REFERENCE TO InputRoot.XMLNSC.Orodha.Oda[1];
WHILE LASTMOVE(r) DO
-- kazi yako hapa
MOVE r NEXTSIBLING REPEAT TYPE NAME;
END WHILE;

Rejeleo hukaa palepale lilipofika, halafu husogea hatua moja tu. Upande wa OutputRoot, yaani ujumbe unaotoka, nao nikabadilisha: badala ya kuandika kwa namba, natumia CREATE LASTCHILD. Na pale ninapochuja tu, SELECT yenye WHERE inatosha, sihitaji kitanzi kabisa. Tangu hapo ujumbe uleule unapita kwa sekunde chache.