Jumamosi Mzee alipofungua daftari

Mwaka 2014 nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha pale Malaba, upande wa Uganda. Huo ndio mwaka ambao Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia Himaya Moja ya Forodha: mzigo wa Kampala ukawa unalipiwa ushuru ungali Mombasa, badala ya kungoja ufike mpakani. Aliyeishi Malaba kabla ya hapo anazikumbuka foleni za treila, matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wakipika ugali chini ya matela. Takwimu iliyotajwa sana baadaye ni kwamba safari ya kontena kutoka Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi 4. Kwetu sisi wa ofisini, hata hivyo, utaratibu mpya ulikuja na hofu yake. Ukikosea kuainisha bidhaa, yaani kuipa namba yake ya kitabu cha ushuru, kontena linakwama bandarini, mbali na wewe, na gharama ya kulihifadhi inahesabiwa kwa dola kila kukicha.

Na aliyejua kuainisha vizuri alikuwa mtu mmoja tu. Tulimwita Mzee, na jina linatosha. Alikuwa mpakani tangu enzi za fomu na makaratasi ya kaboni. Yale ambayo sisi tuliyatafuta kwenye kitabu cha ushuru mpaka kichwa kikauma, yeye aliyasoma katika daftari lake gumu, kisha akalifungia kwenye droo, ufunguo mfukoni. Ukimwuliza, anakujibu kwa namba: tarakimu nane, basi. Namba imetoka wapi, hakwambii.

Wiki moja akaenda kwenye mazishi kijijini, simu yake haipatikani. Likaingia kontena la vipuri vya magari, vimechanganywa vya kila aina. Tukaandika entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, wakairudisha. Tukaandika tena, ikarudi tena. Mwenye mali alikuwa akipiga simu kutoka Kampala tangu alfajiri, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekopa.

Mzee aliporudi, sote tulijua Madamu, mwenye ofisi, atawaka. Akatuita Jumamosi saa nne, pamoja na binti aliyekuwa akipeleka makaratasi na kufagia, chai na mandazi mezani. Madamu alikuwa na faili la zamani mkononi. Akalifungua akatusomea entri aliyoiandika mwenyewe alipokuwa anaanza kazi: vichujio vya oili, yeye akaviweka katika sura ya 87 pamoja na vipuri vya magari. Akasoma hoja ya afisa wa forodha neno kwa neno, kisha akataja faini iliyokatwa kwenye mshahara wake. "Bosi wangu wa wakati ule alijua jibu," akasema. "Aliniacha nianguke ili nijue yeye ni nani."

Halafu akamgeukia Mzee. Nilidhani sasa ndiyo atadai daftari. Badala yake alitangaza mbele yetu kwamba kuanzia mwezi ule Mzee ni mwalimu wa ofisi, ana posho ya ualimu juu ya mshahara, na hakuna atakayeajiriwa kuchukua kiti chake. Barua ilikuwa tayari, imetiwa saini. Akamkabidhi.

Mzee aliisoma hadi mwisho, akaikunja. Kisha akauliza, kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Madamu, nikishawafundisha wote hawa, mimi nitabaki na nini?"

Hilo ndilo lilikuwa ndani ya droo miaka yote. Wengi wetu tulimwita mchoyo, na mimi naona tulimwonea. Mtu asiye na pensheni, ambaye amewaona wenzake wakiachishwa kazi baada ya kuwafunza vijana, ana haki ya kulinda mkate wake. Kiongozi anayewahimiza watu wagawane ujuzi bila kwanza kuigusa hofu hiyo anajisumbua bure.

Madamu akamjibu: "Kila Juni bajeti zinasomwa, tarehe 1 Julai viwango vinabadilika. Mambo ambayo hayamo daftarini yatazaliwa kila mwaka, Mzee. Nani atakuwa wa kuulizwa?"

Mzee alinyamaza kidogo, akatoa ufunguo.

Daftari lilikuwa na mistari aliyoipiga kwa rula, wino wa bluu kwa namba, mwekundu kwa sababu. Hizo sababu ndizo tulizokuwa tukizililia. Lakini hakutusomea. Alichukua kichujio cha oili kutoka kwenye sampuli za kabatini akatuuliza kama ni sehemu ya gari. Tukasema ndiyo. "Kinakaa wapi, hilo swali la pili," akasema. "La kwanza ni kinafanya kazi gani. Hiki kinachuja. Kwa hiyo kinakwenda na mashine za kuchuja, tarakimu nne za mwanzo 8421." Akaendelea: tairi linakwenda na mpira, 4011. Betri inakwenda na vitu vya umeme, 8507. Pedi za breki za gari zinabaki 8708. Kisha akatufungulia maelezo ya mwanzo wa sehemu ya 17 ya kitabu cha ushuru, ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuyasoma, na mengi ya hayo yalikuwa yameandikwa pale.

Ndipo yule binti akauliza kutoka mlangoni: "Na kioo cha mbele?"

Mzee akafungua kinywa, akakifunga. "Hicho sina hakika, mwanangu. Njoo tukitafute." Sijui kama kuna lililonifunza zaidi siku ile. Wakakipata katika sura ya 70, kioo cha usalama, 7007, na akamwachia kalamu aandike yeye daftarini.

Kikao cha Jumamosi kikawa desturi. Madamu alikaa kila mara, akiandika kama sisi, na hakuwahi kumwadhibu mtu kwa kosa alilolileta mezani mwenyewe. Lililofichwa ndilo lililomkasirisha. Desemba, ulipofika wakati wa nyongeza za mishahara, alimwuliza kila mmoja wetu faraghani ni nani aliyemfundisha kitu mwaka ule, na kitu gani. Binti wa makaratasi alikuwa ameshaanza kuandika entri ndogo ndogo, naye akapandishwa kuwa karani. Jina lililotajwa kuliko yote lilikuwa la Mzee, na nyongeza yake ikawa kubwa kuliko yetu sote.