Marseille, ndugu ya Birere yenye bahari

Mtu wa Goma, mwenye anajua Birere, ule mtaa wetu wa soko, akifika Marseille, muji ya bandari kule Ufaransa, hatashangaa sana, minawaza. Ile muji ilianzwa na Wagiriki, karibu mwaka 600 mbele ya Yesu, nabo walikuja juu ya biashara, basi tangu mwanzo ni muji ya bageni tu. Kisha mfereji wa Suez kule Misri ukafunguka 1869, meli zikazidi, karanga za Senegal na mawese ya Afrika zikaingia mu viwanda vya sabuni (eh, ile sabuni ya Marseille batu banasifia, mafuta yake mingi ilitoka huku kwetu!) na kazi ikaita Waitalia mingi sana. Hawakupendwa hata kidogo: mwaka 1881 walipigwa mu barabara mpaka batu bakakufa. Waarmenia wakafuata kisha ya mauaji ya 1915, halafu 1962 Algeria ikapata uhuru, meli zikajaa tena batu ya kutoka kule, na Wakomoro nabo wako kule kwa maelfu. Kwa hiyo banaosema biashara inaleta upendo, mimi hapana. Inaleta batu, kupatana kunakuja nyuma, polepole, na ngumi katikati. Lakini ukipita sokoni Noailles, viungo, mihogo, kelele za bei, aki ni Birere kabisa, inakosa chukudu tu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubeba mizigo.