Majina 1,022: Chaser alivyofundishwa, na alivyopimwa

Ukimtaja Chaser mbele ya watu wanaofuatilia habari za mbwa, cha kwanza kusikia ni ile namba: 1,022. Hiyo ndiyo idadi ya majina ya vitu aliyoyajua mbwa huyu jike wa aina ya Border Collie (mbwa wa kuchunga kondoo), aliyeishi Spartanburg, jimbo la South Carolina, Marekani. Namba imezunguka sana mitandaoni, lakini mara nyingi inatembea peke yake, bila maelezo ya jinsi ilivyofikiwa wala ilivyopimwa. Mbwa wanaosifiwa kwa akili ni wengi. Waliopimwa kwa miaka mitatu mfululizo, tena na mtu aliyekuwa akitafuta kila sababu ya kujipinga mwenyewe, ni wachache mno.

Mwalimu wake alikuwa John Pilley, profesa wa saikolojia aliyestaafu kutoka Wofford College. Alimchukua Chaser mwaka 2004 akiwa mtoto wa wiki nane. Pilley mwenyewe alikuwa anakaribia miaka 76. Mwaka huohuo, watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Leipzig, Ujerumani, wakiongozwa na Juliane Kaminski, walitangaza katika jarida la Science kwamba Border Collie aitwaye Rico anajua majina ya vitu zaidi ya 200. Pilley alitaka kujua kama mbwa anaweza kuvuka hapo. Pia alitaka kujibu hoja moja nzito iliyotolewa dhidi ya Rico, nitaifikia hapo chini.

Tuanze na ufundishaji. Pilley alishika kitu mkononi, akamwonyesha Chaser na kumtajia jina lake, akalirudia mara 20 hadi 40 katika kipindi kimoja. Kisha alikiweka au kukificha karibu na kumwambia akitafute, huku bado analitaja jina. Chaser alipokileta, kilichofuata kilikuwa mchezo na kitu hichohicho: kurushiana, kuvutana, kukimbizana. Chakula hakikuwa malipo makuu, na sababu yake ni ya kimazoezi kabisa. Mbwa anayesubiri kipande cha nyama anaangalia mfuko wa nyama, haangalii mdoli. Akili yake iko kwenye mkono wako. Ila kama malipo ni kukichezea kitu chenyewe, kitu kinakuwa na uzito kichwani mwake, na jina linapata pa kushika.

Jambo la pili ambalo wengi wanalikosa wakijaribu nyumbani: mwanzoni sakafu haikuwa na kitu kingine. Kitu ni kimoja, jina ni moja, basi mbwa hana nafasi ya kukosea. Mdoli mpya ulichanganywa na mingine baada ya jina kukaa. Ukimwekea mbwa vitu vitano siku ya kwanza ukamwambia "leta mpira", atabahatisha. Akibahatisha vibaya, atakuwa ameunganisha jina la mpira na kiatu, na kulitoa unganisho hilo kunachukua muda mrefu kuliko kufundisha upya. Ukimkaripia ndiyo umeharibu zaidi, kwa sababu sasa jina limeunganishwa na hofu.

Kasi yake ilikuwa jina moja au mawili kwa siku, kwa saa nne hadi tano za kazi. Ukigawa 1,022 kwa siku za miaka mitatu unapata takriban jina moja kwa siku, kwa hiyo hakukuwa na muujiza wa ghafla. Kila mwezi majina ya nyuma yalipitiwa tena, na lililosahaulika lilifundishwa upya.

Halafu kuna tabu ya vifaa. Majina elfu moja yanadai vitu elfu moja vinavyotofautiana, na kila kitu kiwe chepesi kubebwa mdomoni. Pilley alikuwa akienda kwenye maduka ya mitumba ya Jeshi la Wokovu kununua midoli ya watoto kwa mifuko. Mwishowe rundo lilikuwa na midoli ya kitambaa zaidi ya 800, mipira 116, visahani vya kurusha (vile vinavyoitwa frisbi) 26, na vitu vingi vya plastiki. Binadamu ndiye aliyeanza kusahau. Ilibidi Pilley aandike jina la kila mdoli juu ya mdoli wenyewe kwa wino usiofutika, ili mbwa akileta ajue kama ni sahihi. Na aliposimama kwenye elfu moja na ushee, aliyechoka alikuwa mwalimu. Hakuna aliyewahi kuufikia ukomo wa Chaser.

Sasa vipimo, sehemu ambayo mimi naithamini kuliko namba yenyewe. Kila anayepima akili ya mnyama anasumbuliwa na kivuli cha farasi mmoja wa Berlin aliyeitwa Hans. Mwanzoni mwa karne ya 20 Hans alikuwa anajibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato, na umati unashangilia. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alieleza siri yake: farasi alikuwa anasoma mwili wa muulizaji. Kwato zilipofikia jibu sahihi, muulizaji alilegeza shingo au kuinua kichwa kidogo bila kujijua, na Hans akaacha kugonga. Muulizaji asipojua jibu, au farasi asipomwona, hesabu zote zilimshinda. Mmiliki wake hakuwa tapeli. Na yeye alikuwa hajui.

Kwa mbwa hatari hii ni kubwa zaidi, maana mbwa anafuata macho na kidole cha binadamu kwa wepesi wa ajabu. Pilley aliizuia kwa mpangilio wa chumba. Vitu 20 vilichaguliwa bila mpangilio kutoka kwenye rundo, vikapangwa nyuma ya kochi. Yeye alibaki upande wa pili na kutaja jina. Chaser alizunguka nyuma, akachagua peke yake akiwa haoni uso wa Pilley, wala Pilley hamwoni yeye, akaleta. Vipimo vya namna hii vilifanywa 838 ndani ya miaka mitatu. Hakuna kipimo ambacho alipata chini ya 18 kati ya 20. Mwenzake Pilley katika uchambuzi alikuwa Alliston Reid wa chuo hichohicho, na matokeo yalichapishwa katika jarida la Behavioural Processes mwaka 2011.

Ile hoja dhidi ya Rico ilitoka kwa Paul Bloom, mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Yale wakati huo. Aliuliza hivi: mbwa anapoambiwa "leta soksi" akaleta soksi, tunajuaje kwamba "soksi" kwake ni jina la kitu? Pengine maneno yote mawili ni amri moja tu, sauti moja ndefu yenye maana ya kwenda kule na kurudi na kile. Ni swali zuri, na haliwezi kujibiwa kwa kuongeza idadi ya vitu. Hata vitu elfu kumi vingeweza kuwa amri elfu kumi.

Jibu la Pilley lilikuwa kutenganisha kitendo na jina. Alichukua vitu vitatu na vitendo vitatu: kukichukua kwa mdomo, kukigusa kwa guu la mbele, na kukigusa kwa pua. Aliviunganisha kwa mpangilio ambao Chaser hakuwa amefundishwa. Kama neno zima lingekuwa amri moja ya kuleta, angeleta tu, au angeduwaa. Alifanya kitendo kilichotajwa kwa kitu kilichotajwa. Kuanzia hapo ni vigumu kushikilia kwamba jina la kitu lilikuwa limegandana na kitendo chake.

Juu ya hayo alijifunza majina ya makundi. Kila mpira ulikuwa na jina lake, na pia yote 116 iliitwa mipira. Visahani vivyo hivyo. Kulikuwa na kundi pana la "vya kuchezea", likitofautishwa na vyombo vya nyumbani asivyoruhusiwa kuvigusa. Kundi hili la mwisho linanivutia sana, kwa sababu hakuna umbo wala rangi inayoliunganisha. Kinachofanya kitu kiwe cha kuchezea ni ruhusa. Kitu kimoja basi kiliweza kuwa na majina matatu, na Chaser aliyabeba yote.

Kuna tukio lililoonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 2011, katika kipindi cha mwanafizikia wa anga Neil deGrasse Tyson. Tyson alileta mdoli wa Charles Darwin ambao Chaser hajawahi kuuona, wala jina lake hajawahi kulisikia, ukawekwa nyuma ya kochi pamoja na vitu anavyovijua. Aliambiwa alete Darwin. Alienda, akasimama pale, akaangalia hiki na kile, asichukue kitu. Akaambiwa tena. Mwishowe akatoka na Darwin mdomoni. Kusita kule ndiko kunakoonyesha kazi iliyofanyika: hiki nakijua jina, na hiki, na hiki, basi jina geni ni la kile kigeni. Rico naye alilifanya hili mara 7 kati ya 10. Watu huishia hapo na kusema mbwa amejifunza neno kwa mara moja tu. Lakini kuchagua kwa kuondoa ni jambo moja na kukumbuka ni jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, wakiwapima mbwa wengine wawili, Whisky na Vicky Nina, hawakuona dalili ya kujifunza jina kwa njia hiyo ya kuondoa. Waliposikia majina mapya katikati ya mchezo, mara nne tu kwa kila kitu, waliyashika, ila baada ya dakika kumi yalikuwa yanafifia. Ndiyo maana ya yale marudio 40.

Je, mbwa yeyote anaweza? Pilley aliamini kwamba mafunzo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa. Hapa sikubaliani naye kikamilifu. Watafiti haohao wa Budapest waliwafundisha mbwa wa kawaida wa nyumbani majina mawili tu kwa miezi mitatu, na karibu wote walishindwa. Wenye kipaji, ambao wengi wao ni Border Collie, walijifunza majina 12 ndani ya wiki moja na bado walikuwa wanayakumbuka baada ya miezi miwili. Aina hii ilizalishwa kwa vizazi vingi ichunge kondoo kwa kufuata sauti ya mchungaji aliye mbali. Bila mafunzo ya Pilley Chaser asingefika popote, lakini mafunzo yaleyale kwa mbwa wako yanaweza kuzaa majina matatu au yasizae hata moja, na mbwa akabaki mwerevu kwa mambo mengine.

Ukitaka kujaribu, kuna makosa yanayojirudia. Majina yanayofanana sauti yanavuruga: vipimo vya mawimbi ya ubongo vilivyofanywa Budapest mwaka 2020 vilionyesha kwamba mbwa wanatofautisha neno wanalolijua na neno lisilo na maana, lakini wanateleza pale tofauti ni sauti moja. Kwa hiyo usimpe "kikombe" na "kikapu" kwa pamoja. Mpe "kikombe" na "bata". Litaje jina likiwa tupu, lisibadilike. Leo "mpira", kesho "ule mpira wako", keshokutwa "ulete", na kwake hayo ni maneno matatu.

Usitegemee rangi. Mbwa huona vizuri buluu na njano, lakini nyekundu na kijani humchanganya, kwa hiyo vitu viwili vinavyotofautiana kwa rangi hizo tu kwake ni kimoja. Chagua vitofautiane umbo, ukubwa na namna vinavyoshikika mdomoni. Vishikwe vyote na mtu yuleyule, la sivyo atachagua chenye harufu mpya.

Na ukimpima, jifiche. Nyuma ya mlango, nyuma ya pazia, popote ambapo hakuoni macho wala huoni anachochagua. Vitu viwili tu havikupi jibu, kwani hata asiyejua lolote atapata nusu. Weka vinane au kumi. Alicholeta kirudishwe mahali pake kabla ya kutaja jina linalofuata, vinginevyo cha mwisho kubaki atakipata bure. Andika matokeo papo hapo, yakiwemo aliyokosea, na usirudie swali mpaka apatie halafu ukahesabu kuwa amepatia. Kipindi kiwe kifupi, dakika tano au kumi, kiishe angali anataka kucheza. Akianza kuleta chochote kilicho karibu, amechoka. Rudi kwenye kitu kimoja, acheze nacho, mfunge siku.