Siku moja maishani mwangu: Bwana samaki wa Kilwa, papa na silikanti

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshafika mwaloni Kilwa Masoko, kwa sababu mashua za jarife, wavu mkubwa wa kunasia papa, hurudi mapema na mnada haumsubiri mtu. Kazi yangu ni kuandika aina ya samaki, uzito, urefu na bei kabla wachuuzi hawajagawana mzigo. Kolekole, nguru na changu huwaandika haraka. Leo muda wangu mwingi umekwenda kwa papa.

Mmoja wao alipopasuliwa tulikuta watoto tumboni, wamejipanga, tayari wana meno. Nikamuuliza nahodha jarife lake alilitega wapi.

"Huku juu papa wamekwisha, mwanangu," alinijibu. "Tunawafuata kilindini. Pima hamsini, siku nyingine zaidi."

Pima hamsini ni takriban meta 90, na huko ndiko jarife linapoanza kuingia katika makazi ya silikanti, samaki ambaye hakuna mvuvi anayemtafuta. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, humu humu Kilwa, walimnasa mmoja kwa jarife la papa, akawa wa kwanza kuthibitishwa katika maji ya Tanzania. Wanasayansi walikuwa wakiamini kwamba jamii yake ilitoweka pamoja na dinosaria, hadi mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer alipomwona mmoja katika mzigo wa meli ya uvuvi kule Afrika Kusini.

Saa tatu niko ofisini nikinakili takwimu. Utafiti mmoja wa mwaka 2021 umebadilisha kabisa namna ninavyozisoma takwimu hizi. Kélig Mahé na wenzake wa Ufaransa walichunguza magamba ya silikanti 27 wa Komoro kwa mwanga maalumu, wakaona kati ya pete nene zilizokuwa zikihesabiwa tangu zamani kumejaa pete nyembamba sana, moja kwa kila mwaka. Samaki aliyedhaniwa kuishi miaka 20 hivi kumbe anaweza kukaribia 100; hupevuka akiwa na takriban miaka 55, na mimba ya jike huchukua takriban miaka mitano. Kwa hiyo jike anayenaswa akiwa na miaka 50, ingawa ni mkubwa wa mwili na mzito wa kubeba, huenda hajazaa hata mara moja.

Saa nane mchana nilikuwa na kikao na kikundi cha wavuvi. Kijana mmoja akauliza swali zuri: samaki aliyevumilia mamilioni ya miaka bila kubadilika atashindwaje na nyavu zetu?

Nilimjibu kwamba silikanti amebadilika, tena sana. Uchunguzi wa jenomu yake, yaani jumla ya jeni na urithi wake wote, uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba jeni zake za protini hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu, lakini hazikusimama. Ulithibitisha pia kwamba kati ya samaki, kamongo, wala si silikanti, ndiye aliye karibu zaidi nasi kinasaba. Mwaka 2015 watafiti waliochunguza vijusi vyake walikuta pafu ambalo ukuaji wake hudumaa kadiri samaki anavyokomaa, hata mkubwa akabaki na masalia tu, huku kiungo kilichojaa mafuta kikimsaidia kuelea. Mababu zake walipumua hewa katika maji ya kina kifupi. Yeye amezoea kilindi, hujificha mapangoni mchana na kuwinda usiku bila haraka, akitumia nguvu kidogo mno. Mwenendo huo wa taratibu unamfaa mahali penye chakula haba na maadui wachache, wala haukuumbwa kwa ajili ya jarife.

Mzee mmoja alisema papa naye yuko hivyo hivyo, na nadhani kauli yake iliwagusa kuliko maelezo yangu. Tulikubaliana kwamba kila nahodha ataniambia kina alichotega, na kwamba silikanti akinaswa atarudishwa majini akiwa hai. Akiwa amekufa, nitaitwa kabla hajakatwa, kwa kuwa biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku.

Saa kumi na moja jioni nimejaza fomu za leo. Hazina safu ya kina, hivyo nimeandika "pima 50" katika nafasi ya maelezo, kisha nikamwandikia mkuu wangu wa kazi barua ya kuomba safu hiyo iongezwe.