Badilisha Tarehe Tu

Jumapili, 26 Oktoba 2025

Saa nne usiku. Chikongola, mtaani kwetu hapa Mtwara, kumetulia, bodaboda zinapita moja moja. Mlango wa duka nimeufunga tangu saa moja lakini mwenyewe bado nimo ndani, feni inanirudishia joto lilelile, na mbele yangu kuna faili linaloitwa f21874560. Nimelifungua. Ni barua ya kumwombea uhamisho mtoto wa darasa la tano. Mtoto mwenyewe yuko kidato cha pili. Juzi alikuja kutoa kopi.

Mafaili ya namna hii, yaliyopotea yakarudi bila majina, ninayo 612. Nimeshayapa majina 398.

Wanaonifahamu wanajua duka langu: meza mbili, mashine ya fotokopi, kompyuta moja, na benchi la wateja ambalo muda mwingi linakaliwa na wasio wateja. Kompyuta niliinunua mtumba Kariakoo mwaka 2019. Ilitoka ofisi fulani ya Ulaya, bado ina stika ya namba ya mali, na kibodi iliyokuja nayo ni ya Kijerumani, ambayo herufi Z na Y zimekaliana viti. Mimi huchapa nikiangalia vidole. Miezi ya mwanzo nilitoa kadi na barua za ajabu mpaka nilipobandika vikaratasi juu ya zile herufi mbili.

Ubongo wa mashine hiyo ni Core i5 ya kizazi cha 6, cha mwaka 2015. Windows 10, mfumo uliokuwa unaiendesha, nayo ilitoka mwaka huohuo, tarehe 29 Julai. Kwa kwetu ningesema waliingia jando pamoja. Wameishi vizuri kama watu wa rika moja, na ingekuwa juu yangu wangezeeka pamoja bila mtu kuwauliza.

Ila Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti yake: kwa upande wa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu, na kitu kiitwacho TPM 2.0 cha kutunzia funguo za siri za mashine. Yangu haikufika. Na tarehe ya Windows 10 kuachiwa mkono ilikuwa inajulikana: 14 Oktoba 2025. Kwa Mtanzania tarehe hiyo ina mwenyewe, ni siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, kwa hiyo hata kuisahau sikuweza.

Wateja kadhaa waliniuliza kama kompyuta zao zitazimika siku hiyo. Hapana. Zinawaka kama kawaida. Kinachokoma ni viraka: tundu likigunduliwa kwenye mfumo, hakuna tena wa kuliziba. Mtu mwenye kompyuta ya kuangalizia mpira anaweza kuishi na hilo. Mimi siwezi. Flashi za wateja wangu zinatembea kuliko wenyewe, leo ofisi ya kata, kesho shuleni, keshokutwa kwa jamaa wa muvi, na kila inapochomekwa inaacha kitu na kuchukua kitu. Ukiona folda zako zote zimegeuka shotikati, ujue umeshatembelewa.

Palikuwepo pia njia ya kuongezewa mwaka mmoja wa viraka, mpaka 13 Oktoba 2026, kwa kujiandikisha. Hapa niseme ukweli. Windows yangu sijawahi kuinunua. Ilipigwa na fundi, ikaamshwa kwa dawa za mafundi, na mimi nikalipia ufundi. Ningejiandikisha kwa sura gani?

Kununua mashine nyingine, nilitajiwa laki tano na nusu kabla ya nauli ya mzigo. Oktoba huku kusini ni mwezi wa madeni. Korosho zinaokotwa, zinaanikwa, kila mtu anakwambia "mnada ukifanyika dada yangu," na unaandika kwenye daftari. Laki tano iko daftarini.

Basi mtoto wa dada yangu, yuko chuo hapahapa Mtwara, akaja na flashi. "Mamdogo, hii haina dawa za fundi. Ni ya bure, na ni halali." Ilikuwa Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo la 22.2 lililotoka mwezi wa tisa, ile nyepesi ya Xfce kwa sababu mashine yangu ina RAM ya GB 4 tu na haipendi mapambo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuionja bila kuimeza. Niliionja jioni nne mfululizo. Printa ikaitika. Firefox ipo, na kazi zangu nyingi siku hizi zimo humo, maombi ya ajira, vyeti vya kuzaliwa, fomu za kila namna. Mtandaoni hakuna anayekuuliza unatumia mfumo gani.

Tukapanga siku ya Nyerere, duka likiwa limefungwa.

"Mamdogo, umeshahamisha vitu vyako vyote?"

"Vyote."

Nilikuwa nimehamisha folda ya Documents na kila kilichokuwa kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski. Nilijiona mtu makini. Tukafuta diski nzima, tukapiga Mint, na haikufika nusu saa. Mashine iliyokuwa inachukua muda wa kuchemsha chai ndipo iwake, sasa iliwaka kabla sijakaa sawa. Nilicheka peke yangu. Nikampa kijana pesa ya soda.

Halafu nikaitazama ile picha safi kwenye skrini, haina kitu juu yake, na usafi ule ukanitisha.

Kila aliyewahi kukaa steshenari anajua kazi huwa zinasevu wapi. Mteja amesimama, bodaboda yake inanguruma nje, wengine wawili nyuma yake wanasukumana. Hakuna anayefungua folda ndani ya folda. Unasevu desktopu. Kazi ya miaka sita ilikuwa desktopu, safu kwa safu mpaka ile picha ya bahari ya Mikindani niliyoiweka nyuma ilikuwa haionekani tena. Na desktopu haikai D.

Nilimwambia kijana. Hakunilaumu, alisema neno moja, "Zima." Kisha akaeleza: kufuta diski ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu, kurasa bado zipo mpaka pale kitu kipya kitakapoandikwa juu yake. Kila dakika niliyokuwa nikicheka na wepesi wa mashine, nilikuwa naandika juu ya kurasa za watu. Diski yangu ni ile ya zamani, ya kuzunguka. Akasema ingekuwa SSD, zile mpya zisizozunguka, tungeshasoma hitma.

Jumatano nikafungua duka kwa laptopu yake. Siku hiyo ndiyo nilijua nilichopoteza, maana waliofika wengi hawakuja na kazi mpya. Walikuja na sentensi moja: "Ile yangu ipo? Badilisha tarehe tu."

Sikuwahi kuhesabu ni mara ngapi kwa siku naisikia. Barua ya mwalimu ya kuomba ruhusa, badilisha tarehe tu. Mkataba wa fremu, badilisha tarehe na jina la mpangaji. Taarifa ya kikundi cha vikoba, badilisha mwezi. Katibu wa AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima, alikuja na jedwali lake la wakulima la msimu uliopita kichwani, yaani anakumbuka kwamba lipo kwangu. Kwake hakuna. Watu hawa hawakunikabidhi mafaili yao, na mimi sikuahidi kuyatunza. Ilitokea tu, kama vile watu wanavyoanza kupita kwenye kiwanja cha mtu mpaka pakawa njia.

Saa tano akaingia babu mmoja wa Nanguruwe, kofia mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mmeamkaje? Nimekuja kwa ile barua yangu ya mpaka wa shamba. Badilisha tarehe tu."

Barua hiyo naijua. Ameipeleka ofisi moja kila mwaka tangu 2021, na kila mwaka hajibiwi, na kila mwaka anaipeleka tena bila hasira, kama mtu anayelipa zaka. Nikamweleza kilichotokea. Nilitegemea asikitike. Akavuta benchi, akakaa, akaweka kofia gotini.

"Andika."

Akaanza kusoma hewani. Yah: Mgogoro wa mpaka wa shamba. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa... Mkato kwa mkato, nukta kwa nukta, sauti ya mtu anayesoma risala. Shamba limepakana mashariki na fulani, magharibi na njia iendayo kisimani, lina mikorosho 38, miembe miwili. Nilichapa bila kumkatisha. Alipofika "Wako mtiifu" akanyamaza, akasubiri karatasi. Akalipa elfu moja, akaenda kuwahi Hiace.

Jioni ile tukaanza kuokoa. Kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier. Inapita diski yote ikitafuta kila kinachofanana na mwanzo wa faili. Inachookoa lazima ukiweke kwenye diski nyingine, na sisi hatukuwa nayo. Nikaenda kwa jamaa anayeweka muvi kwenye simu za watu, ana eksternali ya terabaiti moja. Alikubali kwa sharti, nimsubiri achague sizoni za kufuta. Nilisimama pale karibu saa nzima, anafungua, anaangalia kidogo, anasema hii bado inatoka, hii siwezi. Mwisho akafuta za Kikorea ambazo hazijatafsiriwa.

PhotoRec ilikesha. Umeme ulikaa usiku kucha, nami nilikaa nao. Alfajiri tukakuta folda zimepangana, recup_dir.1, recup_dir.2, kuendelea, humo ndani picha za pasipoti, vipande vya programu, takataka nyingi, na nyaraka 612. Programu hiyo hurudisha mwili bila jina. Yote ni f na tarakimu. Kama unataka kujua ni la nani, ufungue usome.

Kwa hiyo kila usiku nasoma. Nilikuwa nachapa barua hizi siku zote bila kuzisoma, vidole vinapita, macho yanatafuta Z. Sasa nazisoma polepole kama mtu asiyehusika. Kuna mkataba wa kuuziana pikipiki ambao najua uliishia kwa ugomvi. Kuna maombi ya kazi saba ya binti mmoja, kutoka 2020 mpaka 2024, na kila lililofuata ni fupi kuliko la kabla yake. Kuna ratiba ya harusi iliyochapwa mara tatu, jina la bwana harusi ni tofauti kwenye ile ya tatu. Kuna risala ya wahitimu niliyoitunga mwenyewe kwa sababu mwalimu alichelewa, na nimeona imeshatumiwa na shule nne. Badilisha jina la shule tu.

Mfumo wenyewe sina la kuusema sana. Skana ilinuna siku mbili, ikapatana. Majedwali ya watu waliochapia Word wakati mwingine yanamwagika ukurasa wa pili kwenye LibreOffice, ambayo huku ndiyo Word yetu, kwa hiyo nimejifunza kuwaomba PDF. Virusi vya shotikati vinaingia na flashi, vinakaa tu kama samaki mchangani, ingawa navifuta ili visimfuate mwenye flashi kwenye kompyuta nyingine. Wateja hawajagundua kama nimebadilisha kitu. Mmoja aliniuliza kama nimepaka rangi ukuta.

Alhamisi usiku niliifungua barua ya babu. Zipo nne, za 2021, 2022, 2023 na 2024, na nilizilinganisha na ile aliyonisomea. Neno kwa neno, hakukosea hata mkato. Isipokuwa mahali pamoja: zote nne zinasema mikorosho 43.

Nikadhani ni uzee. Jana Jumamosi akapita kutoa kopi ya kadi ya kliniki ya mjukuu, nikamwonyesha kwenye skrini.

"Babu, mbona barua zako za nyuma zina mikorosho 43?"

"Ilikuwa 43. Mitano mnyauko umeila, mwaka uleule wa kwanza. Hata wale watafiti wa korosho wa Naliendele wanaujua huo ugonjwa, ukishaingia kwenye mti umeingia."

"Sasa miaka yote hii mbona hukuniambia nirekebishe?"

"Hukuniuliza," akasema. "Ulibadilisha tarehe."

Akachukua kopi yake, akahesabu chenji mbele yangu, akaaga.

Barua yake mpya nimeiweka kwenye folda yake mwenyewe, na folda ipo mahali pawili. Nimebakiwa na mafaili 214. Nimefungua linalofuata kabla sijazima: mwaliko wa unyago, Desemba 2019, enzi za kibodi bila vikaratasi. "Wayayi wote mnakaribishwa kuja kucheya ngoma." Na nakumbuka kabisa kadi zile zilitoka hamsini, zikagawiwa, na ngoma ikajaa.