Kamba ya Naxos

Juzi tulikuwa na watoto Jambiani, Unguja, kwa bibi yao. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, na sasa yamepwa mpaka mwambani, ngalawa zimelala ubavu. Mwanangu mdogo akasimama mchangani, mikono kiunoni. "Baba, bahari imekwenda wapi?"

Jibu ninalo, mwezi ndio unaoivuta. Lakini nilichokikumbuka ni kamba.

Ile safari ya Ugiriki mnaijua, nimeshawachosha nayo. Mashua ya tanga ya kukodi, watu wanne, nahodha shemeji kwa kuwa ndiye mwenye cheti. Tulianzia kisiwa cha Syros, tukaenda Mykonos, tukapita Delos kwa mbali, kisha Paros. Ulikuwa Julai. Kwetu huvuma kusi, kule hushuka upepo wa meltemi kutoka kaskazini, mbingu nyeupe pe, wingu hakuna, na mawimbi mafupi mafupi yasiyokupa nafasi ya kuvuta pumzi. Nilitapika. Mimi, mtoto wa mvuvi. Tuyaache.

Naxos tuliingia alasiri. Pale unatupa nanga mbele, halafu unarudi kinyumenyume mpaka tezi, yaani nyuma ya chombo, ikaribie gati. Nikaruka na kamba, nikaipitisha kwenye pete ya chuma na kuilegeza pima nzima, kama alivyonifunza marehemu baba: maji yakipwa usiku, kamba fupi itakining'iniza chombo kama mbuzi wa Idi.

Mzee mmoja alikuwa ameketi kando akishona wavu. Akainuka, akaifungua kamba yangu, akaikaza, akarudi kitini. Nikamshukuru, nikangoja ainamie wavu wake, nikailegeza tena. Akainuka tena. Safari hii alisema "ohi", yaani hapana, akaikaza kwa nguvu zaidi. Nami nikainama kuifungua. Shemeji alikuwa anacheka huko juu.

Ndipo yule mzee aliponishika mkono, kiganja chake kigumu kama kwato, akanichutamisha ukingoni. Akanionyesha jiwe la gati. Palikuwa na mstari wa mwani wa kijani, umelowa, na juu yake jiwe kavu. Akaulaza mkono wake juu ya ule mstari. Vidole vinne, basi. Akanitazama.

Nikamwonyesha kwa mikono jinsi kwetu maji yanavyopanda na kushuka, karibu mita 4 wakati wa bamvua, ikabidi nimwoneshe mlingoti ndiyo aelewe. Akatikisa kichwa, kama mtu anayesikiliza uongo wa mgeni na hataki kumvunjia heshima.

Usiku niliamka mara tatu kuitazama kamba. Chombo kilikuwa palepale, kimo kilekile. Sijui kwa nini jambo hilo lilinitia majonzi. Labda ilikuwa njaa tu, maana kile chakula cha mchana kilikwishaenda baharini.

Hayo yote nilimsimulia mtoto kwa ufupi. Akafikiri, akiwaangalia wanawake waliokuwa wakirudi kutoka mwambani na michokoo yao ya pweza.

"Sasa kama maji hayatoki, pweza wao wanawapata vipi?"

Nikakumbuka pweza walivyoanikwa pale bandarini, wananing'inia kwenye kamba mbele ya mikahawa kama nguo.

"Wanawazamia," nikamwambia. "Na wengine huwatega kwa vyungu."

"Bibi anajua?"

Akaondoka mbio kwenda kumuuliza.